Mchana kupogoa, jioni kutafsiri: niliyojifunza kwa Olav H. Hauge

Mitufaha hupogolewa wakati wa baridi, miti ikiwa imelala na haina jani hata moja. Huku Ulvik, magharibi mwa Norwei, sisi huanza Februari na kuendelea mpaka theluji iachie ardhi. Unasimama na msumeno wenye mpini mrefu, unatazama tawi, unaamua: hili libaki, lile liondoke. Umevaa glovu juu ya glovu, na bado kufikia saa nne asubuhi vidole havina habari na wewe. Shamba liko mteremkoni, kwa hiyo siku nzima umeegemea upande mmoja, na jioni kiuno kinadai haki yake.

Natanguliza hayo kwa sababu mshairi na mfasiri Olav H. Hauge aliifanya kazi hii hii, katika kijiji hiki hiki, karibu maisha yake yote, na wanaomsimulia hupenda kuirembesha. Utasikia kwamba alipogoa mashairi kama alivyopogoa miti. Usemi mtamu, lakini nadhani aliyeuanzisha hakuwahi kushika msumeno mwezi wa pili. Ukirudi nyumbani kutoka shambani hupogoi kitu. Unakula, unakaa karibu na jiko, unasinzia na kijiko mkononi. Swali lililonisumbua mimi lilikuwa jingine kabisa: mtu aliyechoka namna hiyo alipata wapi nguvu ya kuandika, na si mwaka mmoja, bali zaidi ya nusu karne?

Mimi ni mtu wa Lushoto. Nimekulia kwenye plamsi na peasi, milima na ukungu, kwa hiyo Ulvik haikunishangaza sana nilipofika. Kilichonishangaza ni bahari kuwa chini ya milima ile. Hardangerfjord ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kilomita 179, na Ulvik imejibanza mwisho wa tawi lake mojawapo. Maji yale hupunguza makali ya baridi, milima inakinga upepo, ndiyo maana matufaha yanastawi mahali ambapo kwenye ramani ungedhani haoti mtu wala mti. Nilikuja Norwei kusoma kilimo, na kama ilivyo kwa wengi wetu, masomo yakaisha na kazi ikanibakiza.

Hauge nilitambulishwa kwake na theluji. Ilikuwa majira ya kuchipua, miti imeshaanza kujipa matumaini, mara ikashuka theluji nzito yenye maji, ile inayong'ang'ania matawi. Mwenye shamba akatupa fimbo kila mmoja, tukazunguka tukigonga mashina ya miti michanga ili theluji idondoke kabla haijavunja kitu. Unagonga, inakumwagikia yote shingoni. Mzee yule, ambaye kwa kawaida husema maneno machache sana, akaanza kukariri kitu huku anagonga. Nikamuuliza ni wimbo? Akasema hapana, ni shairi la Hauge, jirani yake wa zamani, kuhusu kazi hii hii tunayoifanya. Kisha akaniambia, kama mtu anayetaja bei ya mbolea, kwamba huyo jirani alikuwa pia amewatafsiri Wajerumani na Wafaransa.

Nilishika zaidi hilo la pili. Kwamba mkulima aandike mashairi, kwetu si ajabu. Tanga nzima imejaa wakulima, mabaharia na makarani wanaotunga. Lakini mkulima amtafsiri mshairi Mjerumani Hölderlin?

Basi nikaanza kumfuatilia. Hauge alizaliwa hapa Ulvik tarehe 18 Agosti 1908, akafia hapa tarehe 23 Mei 1994. Alisomea kilimo cha bustani, akafanya vibarua vya mashamba, na baadaye akaishi kwa kipande chake kidogo cha ardhi kinachoitwa Rossvoll. Alisoma vitabu vya Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Glør i oska, yaani makaa ndani ya majivu, kilitoka 1946, akiwa na miaka kama 38. Vilifuata vingine 1951 na 1956, na cha 1961 kilimpatia tuzo ya wahakiki. Kile ambacho watu wengi wanakishika zaidi, Dropar i austavind, kilitoka 1966. Mwaka uliofuata akatoa Utanlandske dikt, mkusanyo wa mashairi ya kigeni aliyoyatafsiri, na hakuacha: mkusanyo mkubwa wa tafsiri zake ulichapishwa 1982. Humo na kwingineko amewashughulikia Tennyson, Browning, Yeats, Mallarmé, Rimbaud, Hölderlin, Trakl, Brecht, Celan, na Mmarekani Stephen Crane. Kwa mtu ambaye hakuwa mtu wa kusafiri, huo ni msafara.

Kati ya ujana wake na kile kitabu cha kwanza kuna sehemu ambayo huku watu huitaja kwa sauti ya kawaida, na mimi ilinichukua muda kuizoea sauti hiyo. Hauge aliugua akili. Katika miaka ya 1930 alikaa miaka kadhaa katika hospitali ya Valen, na baadaye katika maisha yake alirudi tena kulazwa. Kwetu mtu akishaambiwa ametoka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, jina hilo linamfuata mpaka kaburini, na watoto wake wanalirithi. Hauge aliliandika hilo katika shajara yake, mambo aliyoyaona na sauti alizozisikia, kwa utulivu ule ule anaouandikia hali ya hewa. Shajara aliianza 1924, akiwa na miaka 15, akaendelea nayo mpaka mwisho wa uhai wake. Ilichapishwa mwaka 2000, mabuku matano, karibu kurasa 4,000. Si kitabu cha kusoma kwa mfululizo. Mimi huingia popote kama mtu anayechungulia dirishani: leo amesoma nini, ameota nini, mvua imenyesha, miti imefanyaje.

Humo ndani, na katika zile tafsiri, ndimo nilimopata jibu la swali langu, au jibu linalonitosha. Kuandika shairi lako kunahitaji kitu ambacho mchovu hana: inabidi jambo litoke kwako. Kutafsiri hakudai hivyo. Jambo lipo tayari mezani, mwenzako amelitafuta, amelipata, amelimaliza. Wewe unakaa nalo. Mtu ambaye mikono yake imekufa ganzi anaweza kukaa na mistari minne ya mtu mwingine jioni nzima, akaenda kulala akiwa amefanya kazi ya ushairi, hata kama hakuandika mstari wake hata mmoja. Nimejaribu, ndiyo maana nasema. Sidai kwamba Hauge alipanga hivyo kwa makusudi. Ila ukitazama orodha ya aliowatafsiri, huoni mtu anayefanya kazi kwa oda ya mchapishaji. Unaona mwanafunzi anayejichagulia walimu, na walimu wote wanakuja kumfundishia nyumbani kwake.

Jioni zangu zilikuwa hivi. Meza ya jikoni, taa, kamusi ya Kinorwei iliyoanza kuachia kurasa, daftari la shule lenye mistari. Kinorwei nilichofundishwa darasani ni kile cha mjini, bokmål, na Hauge aliandika nynorsk, aina nyingine ya Kinorwei cha maandishi, tena ile yenye miundo ya kizamani. Walioniokoa ni watu wa shambani, maana lahaja yao iko karibu zaidi na lugha yake kuliko kitabu changu cha sarufi. Neno likinishinda jioni, asubuhi nililipeleka shambani. Mara nyingi hawakunieleza kwa maneno, walinionyesha. Kuna shairi lake kuhusu fyekeo la zamani la kukatia nyasi, lile la mpini mrefu na makali yaliyopinda. Nilipouliza, mzee akalitoa stoo, akalinoa kwa jiwe, akakata mkanda mmoja wa nyasi pembeni mwa shamba ili nisikie linavyolia. Nilirudi kufuta nusu ya nilichokuwa nimeandika, kwa sababu katika mistari yangu lile fyekeo lilikuwa linafyeka kama panga, fyu, fyu, na kumbe halifyeki. Linapita chini kabisa, polepole, na aliyelishika hainami.

Shairi nililokaa nalo kwa muda mrefu kuliko yote ni lile la mtufaha mkubwa uliokuwa mbele ya dirisha lake. Anaeleza jinsi alivyoukata. Sababu anazitaja moja moja kama mtu anayejitetea barazani: ulikuwa unamzibia mwanga, na isitoshe mnunuzi wa matunda hakuitaka tena aina ile. Anamfikiria baba yake, ambaye angepinga. Anaukata. Nyumba inapata mwanga, anaona mbali. Halafu taratibu anaanza kukiri kwamba anaukosa. Hakuna hata neno moja kubwa ndani yake. Mimi nilishiriki kung'oa mitufaha mikongwe hapa ili ipandwe midogo ya kisasa inayofungwa kwenye nyaya, kwa sababu ile ile: soko. Kwa hiyo kila neno nililijua kwa vitendo, na bado lilinigomea katika Kiswahili. Kila nilipolitia hisia kidogo, liliharibika. Nikilipa sauti ya mtu anayeeleza tu mambo ya shamba, linakaa.

Nikamtumia baba mdogo.

Baba mdogo ni mwalimu mstaafu, yuko Lushoto, na ni mtunzi. Si wa kuandika vitabu. Ni wa zile tungo zilizokuwa zikisomwa redioni na kuchapwa magazetini, za kujibizana, unatupa swali, mwingine anakujibu kwa vina vile vile. Nilimtumia tafsiri kwa simu usiku, kesho yake nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huyu mtu wako amechoka?"

"Amechoka vipi?"

"Nimesoma mara mbili. Naona ripoti ya bwana shamba. Mti umekatwa, sababu ni moja, mbili, tatu. Shairi lenyewe liko kurasa zinazofuata?"

Nilicheka mpaka machozi, lakini hakuwa anatania. Kwake yeye vita hivi vina historia. Mshairi Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974, baba mdogo alikuwa mwalimu kijana, na alikuwa upande wa waliosema kwamba pasipo vina na mizani pana nathari iliyokatwa vipande. Hajahama upande huo. Akanikumbusha Shaaban Robert, kama nilivyojua atafanya: karani wa serikali, mshahara mdogo, na bado akamleta Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, katika Kiswahili akipitia Kiingereza. "Huyo naye alifanya kazi mchana," akasema. "Mbona hakuleta ripoti?"

Mfano wenyewe ulinigusa zaidi ya alivyokusudia. Shaaban Robert alizaliwa Januari 1909, miezi michache tu baada ya Hauge. Watu wawili wa umri mmoja, mmoja kwenye pwani ya Tanga na mwingine mwisho wa mkono wa bahari Norwei, hawajuani kabisa, wote wanafanya kazi ya riziki mchana na kubeba mashairi ya wageni usiku. Sijui kama wangeelewana. Shaaban Robert angemtaka ajieleze zaidi.

Lakini kuhusu vina nilikuwa na jibu, na nililipata katika maisha yenyewe ya Hauge. Hakuanza alipoishia. Vitabu vyake vya mwanzo vina mashairi ya vina na vipimo, soneti ndani yake, lugha iliyonyanyuka. Alizijua kanuni. Ni baadaye, kuanzia miaka ya 1960, akielekea miaka 60, ndipo mistari yake ilipofunguka ikawa fupi, ya maneno ya kila siku: paka uani, kitambaa kipya cha meza, barabara, shoka. Na nani alimfungua? Kwa kiasi kikubwa ni wale wale walimu wa usiku. Mtu amewabeba Brecht na Crane mgongoni kwa miaka, hawezi kubaki na mwendo ule ule. Alimwandikia hata Brecht shairi la kumsifu kwa urahisi wake. Na aliwapenda washairi wa China ya kale; Li Po na T'ao Ch'ien wamo katika mashairi yake kama majirani wanaotarajiwa kupita jioni.

Nikamtumia baba mdogo soneti moja ya zamani ya Hauge, nimeihangaikia vina kadiri ya uwezo wangu. Siku mbili kimya. Kisha sauti ikaingia kwenye simu: "Sasa huyu ni mtu. Kwa nini aliacha?"

Hilo ndilo swali walilokuwa nalo hata baadhi ya wasomaji wake wa zamani. Ila vijana walilipokea vingine. Katikati ya miaka ya 1960 washairi chipukizi wa Oslo, kundi la jarida la Profil, walikuwa wanatafuta namna mpya ya kuandika, na wakaikuta kwa mkulima wa Ulvik anayekaribia uzee. Jan Erik Vold, ambaye alikuwa kijana wa kusoma mashairi pamoja na bendi za jazi, alikuwa mmoja wa waliompigia debe zaidi. Mtu aliyechelewa kuanza, aliyelazwa, aliyeishi mbali na mji, ghafla akawa wa kisasa kuliko wa kisasa. Mwaka 2016, miaka 22 baada ya kifo chake, shirika la utangazaji la NRK liliwauliza Wanorwei shairi lao bora la nyakati zote. Wakachagua lake, Det er den draumen, la kitabu kile cha 1966. Ni fupi, unaweza kulimaliza maji ya chai hayajachemka.

Nakiri kuna kitu katika simulizi hii ya ushindi kinachonikera. Inamfanya aonekane kama alikuwa anasubiri. Mimi kwenye shajara simwoni mtu anayesubiri Oslo imgundue. Namwona mtu mwenye kazi mbili na muda wa moja. Kama wale vijana wasingekuja, nadhani Trakl angetafsiriwa vile vile.

Mengine ya uzeeni nayapitia haraka, ingawa watu wa hapa huyapenda kuliko yote. Alikuwa kapera mpaka karibu miaka 70. Mwaka 1970 alikutana na msanii Bodil Cappelen, wakaandikiana barua kwa miaka, wakaoana 1978. Mshairi wa Marekani Robert Bly, mwenye asili ya Kinorwei, alimtafsiri Hauge kwa Kiingereza, na Hauge naye akamtafsiri Bly. Kubadilishana huko kunanifurahisha kuliko tuzo zote. Na Bly ndiye aliyesimulia mazishi yake, jeneza limepakiwa kwenye mkokoteni wa farasi, na mtoto wa farasi anakimbia kando ya mama yake njia nzima, anacheza.

Siku hizi mimi si kibarua tena, nasimamia sehemu ya shamba, lakini ratiba haijabadilika sana. Septemba na Oktoba, wakati wa kuvuna, sitafsiri chochote, nisingewadanganya. Matufaha hayangoji, na jioni ni ya kulala. Novemba giza likishaanza kushuka mapema, daftari linarudi mezani. Sijaandika mashairi yangu ya kutosha kuyaita kitu. Nina tafsiri, zimejaa madaftari, na nimeacha kuziona kama kazi ya kungojea kazi nyingine.

Baba mdogo hakunyamaza. Majuzi alinitumia picha ya karatasi, mwandiko wake ule wa ubaoni, herufi zimesimama wima kama askari. Alikuwa amefanya anachojua kufanya mtunzi wa kwetu akikutana na mwenzake asiyekubaliana naye, yaani amemjibu:

*Hauge nakusalimu, salamu toka Lushoto,*
*Umeyatenda magumu, baridi si ya kitoto,*
*Ila vina ni muhimu, shairi lipate joto,*
*Hilo tu nakulaumu, mengineyo manukato.*

Nikampigia. Nikamwambia baba, limetulia, lakini mwenyewe alifariki 1994, barua haitamfika.

"Najua amefariki," akasema. "Wewe si ndiye mfasiri wake? Basi jibu kwa niaba yake. Na kina cha kati ni *mu*, usije ukaniletea ripoti."